Plasta

Alhamisi, saa tano usiku, Kimara Temboni.
Umeme umekatika. Tochi ya simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi,
inamulika mapipa mawili: la bluu, na jeupe.
Nimeyasugua kwa jiki, nikayasuuza kwa maji ya moto,
nikayasuuza tena, maana jiki nayo ni sumu.
Ndivyo tunavyofanya maabara: ua,
kisha ondoa ulichoulia.

Ndizi zimekaa tangu Jumapili, zimeiva rangi ya tofali.
Uji wa ulezi umepoa. Msesewe umechungulia ulimi wangu
na kuuacha mchungu hadi kooni.
Nakoroga la bluu. Nakoroga jeupe.
Nafunika, nanawa,
na kidole cha shahada kiko uchi.

Asubuhi kilikuwa na plasta.
Nilijikata nikimenya ndizi ya mwisho,
ile ambayo hata haikuhitajika.

Nimetafuta sakafuni kwa magoti.
Chini ya jiko. Ndani ya ndala.
Nimechuja la bluu kwa chekecheke: makapi ya ulezi, uzi wa ndizi.
Nimechuja jeupe: makapi, makapi, kitu cheupe,
moyo ukasimama,
kipande cha ganda.

Kazini nawaita wadudu kwa majina yao yote mawili,
nawapaka rangi, nawahesabu, naandika, natia sahihi.
Usiku huu wamekuja nyumbani bila kadi,
hawana majina,
na kila povu linalopasuka nasikia mmoja wao akicheka.

Jumamosi tunapeleka posa Tabata, kwa akina Nkya.
Mdogo wangu Elinami amekopa suti.
Mwaga, nasema. Kisha nahesabu:
mikungu sita, debe la ulezi,
siku nne ambazo hazinunuliki Mabibo wala Kariakoo.

Nikampigia shangazi Aikande, Marangu.
"Kuna kitu kimeingia kwenye mbege."
"Kitu gani?"
"Kitu."
Akakohoa kwanza, akacheka baadaye.
"Mwaka wa kipaimara cha baba yako aliogelea mjusi humo.
Mchungaji akaomba kata ya pili."
Sijui kama ni kweli. Shangazi hutoa uongo
kama wengine wanavyotoa panadol.
"Sikiliza," akasema, "pombe iliyoharibika haifichi.
Itavaa utando, itanuka soksi, itanyamaza.
Inasema?"

Nikaweka simu juu ya mfuniko.
Jeupe lilikuwa likisema, tsss, tsss,
kama mtu anayekaanga kitunguu chumba cha pili.
La bluu kimya.
"Moja linasema."
"Basi unajua," akasema, akakata,
nami sikujua.

La bluu nililimwaga alfajiri, karibu na mgomba wa jirani.
Huenda plasta ilikuwa humo.
Huenda nilimwaga lililo safi
kwa sababu tu lilichelewa kuongea.

Kisha nikachota kata moja ya jeupe, nikainywa yote,
nikakaa kitandani, mkono juu ya tumbo,
nikilisikiliza kama redio yenye betri chovu.
Saa moja. Saa tatu. Saa sita mchana
tumbo likanguruma, nikakimbilia karatasi kuandika muda,
kumbe ni njaa.

Tabata, kama desturi, aliyeleta huonja kwanza.
Nilionja. Watu kumi na wanane wakanitazama koo.
Baba Nkya akapokea kata, akapuliza makapi kando,
akanywa taratibu, akafuta sharubu,
akaitazama kata kama barua kutoka kwa mtu aliyemsahau.
"Binti, umetia nini humu?"
Elinami akaacha kupumua ndani ya suti ya watu.

"Mkono tu, baba," nikasema,
nikakikunja kidole ndani ya kitenge.