Bampa la Kushoto

Tulianza mara baada ya swala ya alfajiri,
maana Mabela, mwezi wa Juni, chuma hakishikiki
ikishapita saa mbili: spana inakuchoma
kama imetolewa jikoni.

Bolti nne tu, alisema Ghalib, mbili kila upande,
dakika kumi, kisha tunakunywa chai.
Ya kwanza haikusema neno.
Tukaipaka mafuta, tukaingoja,
tukaigonga kwa nyundo ndogo, polepole,
kama unavyompiga mgongoni mtoto aliyepaliwa.
Ya pili ililia. Ya tatu ikatoka na vumbi lake,
vumbi la njia ya Sohar kabla ya lami.
Ya nne ikakatika:
kichwa mkononi mwangu, kiwiliwili ndani.
Chai ikapoa.

Bampa lilipoachia lilitulalia mapajani
kwa uzito wa kitu tulichodhani ni pambo,
na Datsun ikabaki kibogoyo,
imekodoa taa zake mbili.

Pembe ya kushoto kulikuwa na bonyeo,
pana kama kiganja, la siku ile mama
alipojifunza kuendesha, kule Ruwi,
na geti la nyumba ya kupanga likakataa kumpisha.
Marehemu baba hakulinyoosha.
Liache, alisema, hiyo ndiyo sahihi yake.
Hadithi hii naijua tangu utoto.
Shibu sikumwambia.

Shibu, mchovya kromu wa Wadi Kabir,
alilitazama bampa kama daktari wa meno,
akauliza, kwa Kiarabu cha gereji: lote liwe jipya?
Nikaitikia kwa kichwa, nipo kwenye simu.
Siku tisa. Riyali thelathini na tano.

Likarudi limeviringishwa magazeti ya Kimalayalam.
Tukalifunua: uso wangu ukatokea mrefu,
na geti, na mlimau wa kwenye pipa,
vyote vimepinda
isipokuwa bampa lenyewe.

Kulirudisha ndiyo kazi.
Kulia likakaa: mpira, washa, nati, robo duru.
Kushoto likagoma. Kati yake na mkono wa kulishikia,
pengo la kidole.
Tukasukuma. Ghalib akaweka goti.
Tukalitukana, tukaliomba radhi.
Mwisho akaingia uvunguni na tochi,
akakaa kimya mpaka nikamwita.

"Huu mkono umepindwa," akasema.
"Si ajali. Ni moto na nyundo, kazi ya mtu mwenye subira.
Umerudishwa nyuma, ulifuate lile bonyeo."

Kumbe baba hakuliacha tu.
Nilimwona, kama nilikuwepo: usiku, fulana imelowa,
anachoma chuma ambacho hakuna atakayekiona,
mama amelala,
asubuhi bampa limekaa sawasawa na kosa lake.

Mama akatoka na chupa ya chai nyingine.
Akainama, akapapasa pembe ya kushoto,
akapapasa tena,
kama anayetafuta swichi gizani.
"Liko wapi?"
Ghalib akaitazama spana. Mimi nikamtazama Ghalib.
"Limenyooshwa, mama."
"Nani kawatuma?"
Jibu hakulingoja. Akajiangalia kwenye kromu,
akaweka sawa mtandio.
"Na lenyewe linaninenepesha."

Ghalib alitaka kuupasha mkono moto aunyooshe.
Nikamzuia. Tukapanga washa:
tatu, tano, saba, moja juu ya moja kama sarafu,
mpaka bolti ikapata pa kung'ata.
Saba zilizidi kidogo. Ukisimama mbele
utaona kushoto limejitokeza, unene wa ukucha,
kama mtu aliyefungua mdomo
akasahau alichotaka kusema.
Wakaguzi wa maonyesho watatupunguzia alama.
Na watupunguzie.

Jana mama aliomba funguo.
Geti tumeliacha wazi.