Hombolo, Mwezi wa Kampeni

Kengele yetu ni rimu ya lori,
inaning'inia kwenye mgunga tangu enzi za baba mkwe.
Jumapili ile ilipogongwa
gari la matangazo lilikuwa limeshaitangulia,
spika mbili juu ya paa, likipita katikati ya mashamba ya zabibu
likituahidi maji.
Maji yaleyale ya miaka mitano iliyopita.

Nilikuwa zamu ya meza.
Nikanyoosha kitambaa, nikamimina divai,
zabibu za hukuhuku, tulizikamua wenyewe mwezi wa nane
mimi na Chilongani, mikono zambarau hadi viwikoni,
kabla hajaacha kunisalimu.

Niseme kweli:
kabla sijaacha kumsalimu.

Ilianza na kofia yake, na kitenge changu,
rangi mbili ambazo kwenye kamba ya nguo
hazina ugomvi wowote.
Kisha likaja la ngoma.
Wazee walisema muheme usiingie kanisani, umetoka matambikoni.
Mimi nikasimama kikaoni
nikanukuu Zaburi kama mtu anayerusha mawe:
kwani Mulungu hakijui Kigogo?
Kinanda nacho kilitoka wapi, kwa Ibrahimu?
Watu wakacheka. Nilishinda.
Ngoma zipo pale, tatu, kando ya dirisha.
Na tangu siku hiyo sijawahi kusikia zinasema nini.
Zikipigwa, mimi namtazama Chilongani
kama amekunja uso.

Katikati ya ibada akaingia mgombea,
vumbi la Ihumwa kwenye viatu, bahasha mfukoni,
akaomba dakika tano tu.
Kasisi Mwegoha hakupandisha sauti.
"Karibu ukae," alisema. "Hapa tunaanza kwa kusikia."
Akakaa kwenye benchi la watoto wa Jumapili,
magoti yamefika kifuani.
Mimi moyoni nikapiga makofi, maana hakuwa wa kwetu.
Angekuwa wa kwetu
ningekuwa mlangoni nimebeba kiti.

Nikashika kikombe, nikaanza upande wa kushoto.
Mama Nyawuhe. Binti yake. Yule fundi baiskeli.
"Damu ya Kristo iliyomwagwa kwa ajili yako,"
nikisema kama ninavyohesabu matenga sokoni,
hadi nikafika kwenye kichwa chenye mvi ninachokijua,
kofia ameikunja, ameikalia kwa visigino.

"Damu ya Kristo iliyomwagwa kwa ajili..."

Neno lililobaki lilikuwa dogo, silabi mbili,
likanikaa kooni kama mbegu ya zabibu.
Mwezi mzima nilikuwa nimelitumia nyumbani
kwa maana moja tu: yangu.
Yangu na ya wenzangu.
Kikombe kikatikisika. Tone likamwangukia kifuani,
kwenye shati jeupe la mtu ambaye sasa
hana mke wa kumfulia.

Chilongani akashika kitako cha kikombe,
akakiinamisha mwenyewe, akanywa.
Kisha, mahali pa Amina, akanong'ona:
"Mbukwa."

Salamu ya asubuhi. Ya njiani, ya mtu na jembe lake.

"Yako," nikasema, nimechelewa,
naye alikuwa ameshaanza kuinuka.

Sitadanganya kwamba tumekubaliana.
Jumatano nitapiga kura nilivyokusudia,
naye atapiga ninavyomjua,
na ngoma bado anaziona kelele.
Walipoimba wimbo wa kutokea, zikapigwa,
na kwa mara ya kwanza nilisikia ile ndogo
inavyoikimbilia kubwa, inachelewa kidogo, inaifikia.

Watu walipotoka, nilibaki kuosha kikombe.
Maji ya ndoo, shilingi mia tano, kutoka kwa kijana wa punda.
Nje spika zilikuwa zinarudi.
Nikakisuuza mara mbili, nikazunguka nyuma ya ukuta
palipo na mzabibu mmoja ambao hakuna aliyeupanda,
nikayamwaga pale shinani.
Ardhi ikayanywa yote
kabla sijanyanyua mkono.