Karani wa Mizani

Ni karani wa mizani, Njia Panda pale Himo,
Nalipwa nikae ndani, nihesabu yaliyomo,
Tani kumi, ishirini, hamsini ni ukomo;
Chuma hupima uzani, thamani hakiijui.

Hata shairi hupimwa, nane huku, nane kule,
Silabi ikisukumwa, huanguka huko mbele;
Taa za nje zikizimwa, naandika hili, lile.
Nami sitaki kuzidi; kuzidi kuna faini.

Babangu kazi utingo, saruji akipakua,
Akaupinda mgongo, darasani nikakua;
Bati, misumari, jengo: lori lilitununua.
Chuma hupima uzani, thamani hakiijui.

Vitunguu vya Mang'ola, Kenya vifike vibichi,
Mbolea, unga wa kula, chumvi, sabuni na kochi,
Lori moja likilala, sokoni hukonda pochi.
Nimekula, nimeshiba; nitukane gurudumu?

Lakini lami ya jana, leo ina mahandaki,
Kuta za Bi Eliana, nyufazo hazizibiki,
Kikohozi cha mchana, usiku hakitoweki.
Chuma hupima uzani, thamani hakiijui.

Dereva macho ya damu, siku mbili hajalala,
Tajiri kapiga simu, anasema, "Halahala!"
Breki zake zi wazimu, mara macho, mara lala.
Chuma hupima uzani, thamani hakiijui.

Ilikuwa Jumanne, mvua na matope yake,
Aikande wa la nne, mkononi rula yake,
Tani hamsini na tisa, ambazo nilizipitisha mimi kwa noti tatu za elfu kumi zilizokunjwa ndani ya leseni, zikamkuta anavuka, zikapita juu yake.
Mstari huo wazidi. Upimeni. Nitozeni.

Mbao za lile jeneza, kwa lori zilisafiri,
Na wali tuliojaza, mchele ni wa safari;
Babaye akauliza, "Zamu ni yako, Mariri?"
Nikajibu, "Sikumbuki." Rula iko mfukoni.

Sisemi malori yafe, mji ukose chakula,
Wala reli niisife, mataruma yamelala;
Ila hesabu isife, noti tatu zikiila.
Tani zote ziandikwe, na rula nayo ipimwe.

Leo nimeweka rula, juu ya bamba la chuma,
Saa nane, wamelala, foleni yaunguruma,
Namba hazikuja, ila sifuri imesimama.
Chuma hupima uzani; lori limepiga honi.