Gramu Hamsini

Jumatano chukudu ya Bauma hupanda kutoka Ndosho,
magurudumu ya mbao yakilia juu ya mawe meusi,
na kati ya magunia mawili ya makala
kuna sanduku la sabuni, limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Darasa la tano hulisikia kabla sijaliona.
"Madamu, sayansi imefika!"

Miaka kumi na mmoja nilifundisha mizani kwa chaki.
Nilichora sahani mbili, fimbo, msumari katikati,
nikaandika: mizani ni chombo cha kupimia uzito.
Walinakili. Walipata kumi juu ya kumi.
Hakuna aliyeuliza kama nimewahi kuishika.
Sikuwahi.

Halafu Jumamosi ile, kule Majengo,
shule tatu chini ya bati moja lenye matundu.
Ndosho walileta mizani yao, sahani moja imepinda.
Majengo walikuwa na lenzi mbili ndani ya soksi.
Sisi wa Katoyi tulileta viti.
Tukakaa kama wageni msibani,
kila mtu akilinda asichokijua.

Ndipo mzee Kambere, koti lake la harusi limepauka,
mshahara hajauona tangu Pasaka,
akasimama akasema:
"Kitabu kinasema maji hupanda kwenye mrija.
Nimekisoma kwa watoto miaka thelathini.
Kwa nini yanapanda, mimi sijui."

Nzigire akacheka kwanza. "Kumbe tuko wawili."
Kisha watatu. Kisha bati lote likacheka,
na tukaanza kazi.

Hapa kwetu somo halitafutwi mbali.
Ombeni alipoteza mbuzi wawili shimoni, nyuma ya uwanja,
bila jeraha, bila povu mdomoni.
Jirani walinong'ona jina la bibi mmoja.
Wengine walisema mazuku, wakaishia hapo,
kana kwamba jina ni jibu.

Jumatano nikaweka mishumaa mitatu ndani ya beseni,
mfupi, wa kati, mrefu juu ya kopo.
Magadi chini. Ndimu nne, zikamuliwe polepole.
Povu likachemka bila moto.
Mfupi ukazimika.
Hakuna aliyepuliza; niliwaziba midomo kwa viganja vyao wenyewe.
Wa kati ukayumba, ukafa.
Mrefu ukabaki unawaka, peke yake, kama mtu mzima
aliyesimama pale mbuzi alipolala.

Ombeni hakupiga makofi.
Aliinama, akapima kwa macho kimo cha mwali,
kisha akaweka kiganja kwenye goti lake,
kimo cha mdogo wake, anayetambaa.
"Hewa nzito," akasema. "Siyo bibi."
Jioni alirudi shimoni na baba yake,
wakalizungushia miiba.

Sitasema mambo yamenyooka.
Lenzi moja imepasuka, na Ndosho wanasema ni Majengo.
Mkuu wangu anauliza nani atamlipa Bauma.
Jiwe la gramu hamsini lilipotea mwezi wa kwanza,
basi Kambere akaokota kipande cha lava
palipokuwa ukuta wa shule yake, mwaka ule moto uliposhuka,
akakisugua kwenye saruji, akakipeleka duka la dawa,
akakisugua tena, akakipeleka tena,
siku tatu, mpaka sindano ikatulia.
Kile kilichomeza madawati yake
sasa tunakipimia chumvi.

Chini ya sanduku kuna daftari la maswali.
Shule isiyojua inaandika, shule inayofuata inajaribu.
Leo Ombeni amesimama karibu na mlango:
"Madamu, kama hewa ina uzito,
mbona hatuisikii mabegani?"

Nimeshika kalamu kitambo.
Bauma anakohoa nje, makala yanamsubiri.
Nimeandika swali, jina la mtoto, tarehe,
na chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni:
Katoyi hatujui. Ninyi je?