Fisi Anazaa

Simu ilisema jua, nyuzi ishirini na saba,
upepo kidogo, mvua hakuna.
Nikaiamini simu. Nikafunga kofia tatu,
miwani ya jua, tikitimaji,
nikamcheka dada yangu Nasambu
aliyeingia garini na sweta, mwavuli, gambuti,
kama mtu aendaye kupalilia mpunga.
"Dalili ya mvua ni mawingu," nikamwambia.
Akatazama juu, akatazama simu yangu,
akafunga mkanda.

Langoni Lang'ata, saa moja na nusu,
foleni imefika barabarani.
Wote tumeiamini simu ileile.

Tulipopita bwawa, jua likawaka kweli,
likawaka kama kibarua anayelipwa kwa saa.
Twiga watatu walisimama mbele ya maghorofa,
wakawa warefu kuliko benki.
Nafula, mwana wa dada, miaka saba,
aliyepewa jina la mvua iliyompokea,
alikuja kwa ajili ya simba tu.
Twiga hakuwahesabu. Nyati hakuwahesabu.
Kifaru kule mbali, jiwe lililobadili nia:
"Huyo si simba," akasema,
akapandisha kioo.

Harufu ilitangulia.
Udongo mweusi hujua kabla yetu.
Matone matatu, mapana kama shilingi ishirini,
halafu mbingu nzima ikaingia bila hodi.
Vilima vya Ngong vikaondoka.
Maghorofa yakaondoka, moja moja,
kama wageni waliokosa chai.
Reli juu ya nguzo zake ikabaki nusu;
treni ikapita, yatoka pasipo, yaenda pasipo.
Kwa robo saa Nairobi haikuwepo,
na kongoni mmoja alitazama kule ilikokuwa
bila mshangao wowote.

Gari likateleza, likainamisha pua mtaroni.
Mbele yetu bango: USISHUKE GARINI.
Nasambu alilisoma kwa sauti,
kisha akatazama gambuti zake.
Miaka yote kuzibeba kila aendako,
na siku ya siku ilipofika,
sheria.

Tukala tikitimaji tukitetemeka.
Nafula akachora simba kwenye mvuke wa kioo,
miguu mitano, au minne na mkia.

Hapo jua likarudi, na mvua haijaaga.
Kila tone na taa yake.
"Fisi anazaa," nikasema,
kama tulivyosema Kitale, mimi na Nasambu,
tukizunguka uani, ndimi nje.

Nafula akaruka kitini:
"Wapi?"

Swali hilo sijawahi kuulizwa.
Miaka thelathini nasema fisi anazaa,
barazani kwa maduka, dirishani kazini,
na sijamfikiria hata siku moja fisi mwenyewe,
mgongo umelowa, pango linavuja,
ameuma meno, hana mkunga.
"Humu humu," nikamjibu,
na mara hii haukuwa uongo kabisa.

Basi tukafuta mvuke ili tumtafute,
na simba wa kidole akafutika nao.
Hakuna aliyemuulizia.

Askari Lemaiyan alifika na Landrova na kamba.
Alipokwisha kutuvuta, Nafula akamuuliza
fisi anazalia wapi.
Hakucheka. Alilitazama jua, akaitazama mvua,
akanyoosha rungu kuelekea ng'ambo ya Mbagathi.
"Kule. Lakini leo hapokei wageni."

Madaraka, lami kavu, vumbi.
Watu wanalikodolea macho gari letu,
tope hadi paani, kana kwamba tumetoka nchi nyingine.
Simu mfukoni bado inasema jua.
Nafula, ndani ya sweta niliyoicheka,
anauliza, usingizi umemshika nusu:
mtoto wa fisi akizaliwa mvuani,
naye huitwa Nafula?