Mita Nne

Mwaka ambao mama alikuwa na ujauzito wangu
mtu fulani wa manispaa, Montevideo,
alinoa penseli, akapiga mstari
kando ya mtaa wetu wa Timbó,
mita nne ndani ya nyumba zetu.
Ulikata sebule. Ulipita juu ya cherehani,
ukamwacha bibi upande wa nyumba
na miguu yake, juu ya kanyagio, barabarani.

Barabara ingepanuliwa. Lini, mpango haukusema.
Ulisema tu: atakayejenga upya
na ajenge nyuma ya mstari.

Basi hakuna aliyebomolewa.
Tulingojwa.
Aliyeomba mkopo, benki waliitazama ramani,
wakamrudishia karatasi zake kwa adabu.
Ufa wa ukuta wetu baba aliuziba kwa gazeti na gundi.
"Saruji ya nini," alisema,
"ukuta wenyewe umeshaandikiwa siku."
Gazeti likigeuka manjano alibandika jingine juu yake;
ukibandua leo utasoma, tabaka kwa tabaka,
serikali tano na bei ya nyama.

Walioanguka wakainuka walijenga nyuma kweli:
akina Etchegaray baada ya moto,
duka la dawa, karakana ya Ruben Sosa.
Ndipo mtaa ukaota meno,
nyumba nje, nyumba ndani, ndani, nje, ndani,
taya la mzee anayecheka.

Na kwenye pengo la akina Etchegaray,
mita nne kwa kumi,
ardhi isiyo ya mtu tena wala ya magari bado,
Zulma Perdomo alitoa kiti kimoja cha jikoni.
Kesho yake vilikuwa vitatu.
Tulikunywa pale chai chungu ya kibuyu,
mrija mmoja kwa midomo yote,
na hata miaka ile ya wanajeshi,
watu wanne wakisimama pamoja ni mkutano,
koplo alipouliza tunafanya nini hapo
Zulma alimjibu bila kuinua macho:
"Tunangoja barabara."
Akatazama juu, akatazama chini ya mtaa.
Akaenda zake.

Mpangaji yuko ghorofa ya kumi, anapanga mji.
Wapangaji tuko chini, tunapanga viti.
Yeye alipanga miaka hamsini;
sisi tukaipanga hiyo hiyo, mwezi kwa mwezi,
kama chumba, na kodi tulilipa.

Sitaki kusema mstari ulitupenda.
Dada yangu aliondoka kwa sababu yake,
alichoka kuishi ndani ya "bado".
Mwana wa Sosa alikufa kwa paa
ambalo halikuwa na maana kulitengeneza.
Mimi nilifunga ndoa kwenye pengo lile lile,
mvua ikanyesha, keki ikalowa,
na sijui niiweke upande gani wa hesabu.

Machi iliyopita ilikuja barua.
Mstari umefutwa. Aya mbili, muhuri.
Kuna mpango mpya, wa mwaka 2050,
na msichana aitwaye Ivonne Bentancur
alikuja shuleni na kalamu za rangi
akatuuliza, kwa moyo safi, tunataka nini.
Watu walisema miti. Walisema taa.
Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikakaa.

Mjukuu wa Etchegaray ana haki ya kujenga mbele sasa.
Juzi nilimwona na futi kamba,
akipima, akiruka miguu ya wakaao.
Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyemkataza.
Nibia, binti ya Zulma, alimshikia ncha ya kamba.

Mimi nilinunua saruji kwa ajili ya ule ufa,
mfuko mmoja, nikauweka nyuma ya mlango,
nikasema wiki ijayo.
Unyevu wa Julai uliuwahi, ukaganda wote.
Tumeuburura hadi nje, kule penye viti.
Mtu mmoja anatosha juu yake.
Wawili, kama wanapendana.