Upepo wa Mlango wa Nyuma

Jumamosi ya kwanza ya Novemba
tulikutana saa tatu penye ukumbi wa kanisa,
watu tisa, ngazi mbili, toroli lenye gurudumu linalolia
na kamera ya kuazima,
inayoona joto kama mbwa anavyonusa nyama.

Gethin ndiye aliyeishika.
Machimbo ya mawe yalikuwa yamemla mgongo,
hawezi kubeba, hawezi kupanda,
basi tukamwachia macho.

Mtaa wa Tanybryn una nyumba thelathini na moja
zimebanana bega kwa bega kwenye mteremko
kama watu wanaosubiri basi mvuani.
Kuta za mawe, unene wake urefu wa mkono,
na bado usiku unasikia pazia likipumua.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Hapa ukuta ulijengwa zamani;
ufa ndio unaokula mshahara.

Kwa Eluned, kamera ilitazama dari
na dari ikawaka rangi ya chungwa:
pesa za wiki nzima zikipanda mbinguni bila sala.
"Ndiyo maana theluji haikai juu ya paa langu,
na mimi nikidhani ni baraka."
Tukacheka.
Kisha akahesabu kwa vidole
miaka kumi na tisa ya bili za gesi,
akaacha kucheka kabla yetu.

Tukapanda darini na mafurushi ya sufu,
sufu ya kondoo wa mlima uleule tunaouona dirishani,
ambayo sokoni hailipi hata gharama ya kunyoa.
Tuliitandika katikati ya boriti kama tunamlaza mtoto.
Ifan, miaka kumi na minne, alipiga chafya ishirini na sita.
Tulizihesabu kwa sauti.

Nambari kumi na mbili alifungua mlango nusu.
"Mnauza nini?"
Hatuuzi.
"Basi mnataka kura."
Hatutaki.
"Basi mna kasoro gani?"
Akafunga.
Baada ya nusu saa akatuletea chai barabarani,
akauliza, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine,
kama dirisha la chooni nalo linahesabika.

Saa tisa tukafika kwa Emrys Prydderch.
Chini ya mlango wa nyuma kamera ikaonyesha
ulimi wa buluu, mrefu,
unalamba sakafu mpaka miguuni pa kiti chake.
Nilipiga magoti, brashi ya kuzibia mkononi.
"Huo uacheni."

Tukadhani hakuelewa. Nikamweleza tena, polepole,
kama mjinga anavyomweleza mwerevu.
"Upepo ukitoka magharibi," alisema,
"upenyo huo hupiga mluzi, sauti moja tu.
Mair alikuwa akiujibu kutoka jikoni,
sauti ileile, bila kuacha kumenya viazi.
Miaka arobaini na miwili.
Mkiuziba, nani ataanza?"

Gethin hubishana na kila mtu,
hubishana na kipimajoto,
aliwahi kubishana na mchungaji juu ya bei ya mishumaa.
Alizima kamera.

Tuliziba madirisha, bomba, tundu la ufunguo,
mlango wa mbele pande zote nne.
Kati ya jiko la nyuma na chumba anachoketi
tukatundika pazia zito, blanketi mbili za marehemu
alizozishona Eluned usiku uleule.
Upepo ubaki kule na mlango wake.
Kwenye fomu, penye safu ya mianya iliyozibwa,
Gethin aliandika: yote, kasoro mmoja.
Hakuandika sababu. Fomu haikuwa na nafasi.

Mwisho wa Januari ikaja dhoruba ya magharibi.
Nilikuwa napita nyuma ya nyumba
na ndoo ya maganda ya mtaa, naipeleka kwenye lundo la mbolea,
nikasikia mluzi.
Nikasimama. Maganda yakalowa.
Kama kulikuwa na mluzi wa pili,
huo si wangu kuusimulia.

Ila kioo chake kilikuwa kikavu, bila ukungu,
na Emrys, ndani, mwezi wa Januari,
amevaa shati tu,
mikono ameikunja mpaka viwikoni,
anamenya viazi.